Kuhama Nakuru na kwenda kuishi Khwisero: wenye uzoefu, naomba ushauri wenu

Mama wa Free Area

Ndugu wasomaji, hamjambo. Naomba maoni ya watu waliowahi kuhama kutoka mji kama Nakuru kwenda kuishi mashambani magharibi mwa Kenya, hasa Kakamega na Vihiga, kwa sababu uamuzi ulio mbele yangu ni mzito na jamaa zetu wamekwisha kugawanyika, kila mmoja akivutia upande wake.

Mimi na mume wangu tumeishi Free Area tangu tulipooana. Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na nguo za kawaida katika kibanda ninachokodi karibu na Soko la Wakulima. Mume wangu alikuwa mtunza stoo katika kampuni moja ya hapa mjini hadi ilipopunguza wafanyakazi mwaka jana, na tangu hapo amekuwa akipata vibarua tu. Tuna watoto watatu: wa kwanza yuko gredi ya 8, wa pili gredi ya 3, na kitinda mimba ana umri wa miaka mitatu. Kodi ya nyumba, kodi ya kibanda, chakula na nauli humaliza karibu kila kitu ninachopata.

Kwao mume wangu ni Khwisero, kaunti ya Kakamega. Kuna shamba la familia, na wazee wamemwonyesha sehemu ya ekari mbili hivi kuwa ndiyo yake. Yeye angependa tuhamie huko kabla ya mwaka kwisha, tujenge nyumba ya kudumu, tulime mahindi, tufuge ng'ombe mmoja wa maziwa pamoja na kuku wa kienyeji. Ili tupate fedha za ujenzi, anapendekeza tuuze ploti yetu ya Kiamunyi, ya futi hamsini kwa mia, ambayo tuliinunua kwa akiba yake na mkopo niliopewa na chama changu cha akiba, na ambayo hati yake ina majina yetu sote wawili.

Sipingi maisha ya mashambani, kwani mimi mwenyewe nililelewa Molo na najua kazi ya jembe. Yanayonitia wasiwasi ni kwamba hati ya shamba la Khwisero bado iko kwa jina la babu ya mume wangu, aliyefariki zamani, na baba mkwe naye hayupo tena. Kwamba watoto wangu hawajawahi kuugua malaria. Na kwamba sijui kama nitapata wateja wa kunilisha mimi na cherehani yangu. Tukihama tutapata nini, na tutapoteza nini? Naomba mnijibu kwa ukweli, hata kama jibu halitanipendeza.

Mkulima wa Butere

Mama, pokea salamu zangu. Mimi na familia yangu tulihama kutoka Section 58 na kurudi Butere, ambako si mbali na huko kwenu, na mpaka sasa sijaona sababu ya kurudi mjini. Hata hivyo nitakueleza mambo kama yalivyo, maana wengi huhama wakiwa wamehesabu gharama zinazopungua bila kuhesabu mapato yanayopungua pamoja nazo.

Ni kweli kwamba kodi ya nyumba hukoma, mboga hutoka shambani, na maji ya chemchemi iliyojengewa vizuri hayauzwi kwa mtungi. Maji yenyewe ni jambo la kufurahia, kwa sababu visima vingi virefu vya upande wa Nakuru vina floraidi nyingi, na wewe bila shaka umeona meno ya watoto wa huko yanavyopata rangi ya kahawia. Mvua pia ni nyingi: Kakamega hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu zetu hupanda misimu miwili, ule wa Machi na ule wa Agosti au Septemba.

Lakini mvua nyingi ina upande wake wa pili. Udongo wa magharibi umeoshwa rutuba kwa miaka mingi na sehemu kubwa yake una asidi, kiasi kwamba mtu anaweza kuweka mbolea ya DAP kila msimu na mahindi yakaendelea kuwa ya manjano, kwa kuwa mbolea hiyo yenyewe huongeza asidi. Kabla ya kuweka senti yoyote ardhini, mwambie mume wako achukue udongo kutoka pande mbalimbali za shamba ukapimwe, kisha anunue chokaa ya shambani kwa kadiri atakayoambiwa. Mbolea ya ruzuku ya serikali imekuwa ikiuzwa shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50 tangu 2023, ila ni lazima mkulima awe amesajiliwa kupitia kwa chifu, na anayeishi Nakuru mara nyingi huachwa nje ya orodha ya Khwisero.

Adui mwingine ni gugu la striga, lenye maua ya zambarau, ambalo wengi wetu hapa huliita kayongo. Hufyonza mahindi kutoka kwenye mizizi kabla hata hujaliona juu ya ardhi, na mbegu zake hukaa udongoni kwa miaka mingi. Njia iliyonisaidia ni ile ya sukuma-vuta, iliyobuniwa na watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, wa huko Mbita pamoja na wenzao: unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi na nyasi za nepia kuzunguka shamba. Harufu ya desmodiamu huwafukuza nondo wa viwavi wanaotoboa mabua, nepia huwavuta nje, na mizizi ya desmodiamu huzuia striga isishike mahindi na wakati huohuo hurutubisha udongo. Faida yake kubwa kwa mtu wa ekari mbili ni kwamba mimea hiyo yote miwili ni chakula cha ng'ombe.

Kuhusu huyo ng'ombe, naomba msimnunue mwaka wa kwanza. Ng'ombe wa gredi, yaani wa kisasa wa maziwa, anahitaji kilo 60 hivi au zaidi za majani mabichi kila siku, na asiyepanda nepia mapema hujikuta akinunua majani kwa bei inayomeza maziwa yote. Isitoshe, ndigana kali inayoletwa na kupe huua ng'ombe wa gredi upesi sana pale ambapo hapana uogeshaji wa kila wiki. Anzeni na kuku, nanyi muwachanje dhidi ya kideri bila kukosa. Miwa nayo, hata majirani wakiwashawishi vipi, huchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kuvunwa, na ekari mbili haziwezi kungoja muda huo huku watoto wanataka kula.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba shamba la ukubwa huo litawalisha, lakini kwa miaka miwili ya kwanza halitawalipia mambo mengine. Fedha za mkononi itabidi zitoke kwenye cherehani yako, na mpango wowote unaoichukulia kazi yako kuwa ya pembeni nauona kuwa umejengwa juu ya mchanga.

Karani Mstaafu, Kakamega

Bibi, nilifanya kazi katika masjala ya mahakama kwa muda mrefu, nami nimeona faili nyingi zilizoanza na maneno kama yako, kwamba mtu "ameonyeshwa" sehemu yake na wazee. Kuonyeshwa shamba si kumilikishwa. Maadamu hati iko kwa jina la marehemu, Sheria ya Urithi inakataza mtu yeyote kuuza, kugawa au kuitumia mali hiyo kama yake kabla mahakama haijatoa kibali cha kusimamia mirathi, na kukiuka jambo hilo ni kosa la jinai.

Utaratibu wenyewe si wa kutisha kama watu wanavyodhani. Familia hutafuta cheti cha kifo, nakala ya upekuzi rasmi wa shamba kutoka ofisi ya ardhi, na barua ya chifu inayowataja warithi wote walio hai, mabinti wakiwamo, walioolewa na wasioolewa. Nasisitiza mabinti kwa sababu Katiba ya 2010 imewapa haki sawa, na barua inayowaficha shangazi ndiyo chanzo cha kesi nyingi zinazofufuka baada ya miaka kumi. Ombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 30. Kibali kikishatolewa, kwa kawaida hupita miezi sita kabla ya kuthibitishwa na mgawanyo kukubaliwa. Kwa kuwa baba mkwe wako naye amefariki, sehemu yake ndiyo mume wako na ndugu zake watakayogawana, kwa hiyo kuna urithi wa watu wawili wa kushughulikiwa, si mmoja. Baada ya hapo mpimaji hugawa vipande, na kwa sababu shamba la kilimo litakatwa na kuwa na hati kadhaa, ridhaa ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi inahitajika.

Sasa nije kwenye ploti ya Kiamunyi, ambayo kwangu ndiyo kiini cha swali lako. Mnayo mali mliyoinunua pamoja, yenye majina yenu wawili, mahali ambapo mji unapanuka tangu Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji mnamo Desemba 2021. Mnataka kuibadilisha iwe nyumba iliyosimama juu ya ardhi ambayo kisheria bado ni ya marehemu. Chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, mali aliyorithi mwenzi mmoja haihesabiwi moja kwa moja kuwa ya ndoa. Yule mwenzi mwingine hupata haki kwa kadiri ya mchango wake katika kuiendeleza, na mchango hauthibitishwi kwa maneno. Mkijenga, weka risiti za mabati, saruji na mafundi kwa jina lako au kwa majina yenu wote wawili. Sisemi haya kwa kumshuku mume wako, ambaye simjui na ambaye huenda ni mtu mwema kabisa. Nayasema kwa sababu nimewaona wajane wakitolewa katika nyumba walizojenga wenyewe, na aliyewatoa mara nyingi alikuwa shemeji aliyekuwa akiwachekea mume alipokuwa hai.

Ushauri wangu ni kwamba ploti isiuzwe kabla kibali cha mirathi hakijathibitishwa.

Muuguzi wa Kisumu

Dada, nimeona hakuna aliyegusa swali lako la malaria, nami nadhani linastahili jibu kamili. Nakuru iko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake huchelewesha vimelea vya malaria kukua ndani ya mbu, ndiyo maana watoto wako hawajaugua. Khwisero iko chini zaidi, ina joto zaidi, na imo katika ukanda wa ziwa na magharibi ambako malaria ipo mwaka mzima na hupanda baada ya mvua.

Watoto waliozaliwa huko hujenga kinga ya kiasi kwa kuambukizwa mara kwa mara. Wako hawana kinga hiyo, na hata mume wako, ingawa alizaliwa huko, amepoteza sehemu kubwa ya ile aliyokuwa nayo kwa kuishi mbali miaka mingi. Watu wazima wa namna yake ndio wanaonipa shida zaidi kliniki, kwa kuwa hudharau homa wakisema wameizoea. Kila mmoja wenu alale ndani ya chandarua chenye dawa kuanzia usiku wa kwanza, na homa yoyote ya mtoto ipimwe siku hiyohiyo au kesho yake. Tangu 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye vipimo, kwa hiyo ulizia mapema ni nani anayehudumia boma lenu. Mkipewa dawa, mmalize dozi yote ya siku tatu hata mtoto akianza kucheza siku ya pili. Chanjo ya malaria ipo katika kaunti nane za huku tangu ilipoanza kutolewa mwaka 2019, lakini huanzwa mtoto akiwa na miezi 6, hivyo kitinda mimba wako amekwisha kupita umri wa kuianza. Ukipata mimba, anza kliniki mapema ili upewe dawa ya kukinga.

Hakikisheni pia kwamba michango yenu ya SHA, bima ya afya ya serikali, haina pengo, na ulizeni ni kituo gani cha karibu kinacholaza wagonjwa usiku. Zahanati nyingi za mashambani hufungwa jioni, na homa ya mtoto hupanda usiku.

Niliyerudi Nakuru

Mimi nilihamia Vihiga pamoja na familia yangu kisha tukarudi, nami ningependa upande huu nao usikike. Tulirudi kwa sababu ya mtoto wetu mwenye ugonjwa wa seli mundu, ambaye kila homa ya malaria ilimfikisha hatarini, lakini hata bila hilo kulikuwa na jambo ambalo hatukulipangia bajeti, nalo ni matanga.

Mtu wa mjini hutuma mchango wake kwa simu na watu humshukuru. Ukiwa nyumbani unatarajiwa kuwapo, kupika, kukesha, kuchanga, na kufunga kazi yako tangu Alhamisi mpaka Jumamosi ya mazishi. Kwa mke wa boma, na hasa aliyetoka mbali, kutoonekana jikoni kwa jirani ni jambo linalokumbukwa. Vihiga ina watu zaidi ya elfu moja kwa kila kilomita ya mraba, kwa hiyo majirani ni wengi na misiba ni mingi. Sisemi ni desturi mbaya. Mama yangu alipofariki, watu haohao ndio waliomzika kwa heshima ambayo sitaisahau. Lakini fundi cherehani anayepoteza siku mbili au tatu za wiki kila mara atapoteza wateja pia, na ni vizuri mlijue hilo kabla ya kuhama.

Mkulima wa Butere

Ndugu uliyerudi, hayo uliyosema ni kweli, na pole kwa masaibu ya mtoto. Ningeongeza tu kwamba inawezekana kuweka mipaka mapema. Mke wangu alijiunga na kikundi cha akina mama ambacho kina zamu na kiwango cha mchango kilichokubaliwa, na tangu hapo hakuna aliyemdai zaidi ya hicho.

Mwalimu wa Luanda

Mama, mimi nafundisha shule ya sekondari ya chini. Nitazungumza kwanza juu ya mtoto wa gredi ya 8, kwa kuwa yeye ndiye mwenye la kupoteza zaidi kwa wakati usiofaa. Matokeo yake ya mwisho wa gredi ya 9 hujumlisha asilimia 20 ya mtihani wa gredi ya 6, asilimia 20 ya tathmini zinazofanywa shuleni katika gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 ya mtihani wenyewe. Akihamishwa katikati ya mwaka, alama za tathmini hizo zinaweza kuchelewa kumfuata, na ni mzazi anayelazimika kusafiri kuzifuatilia. Pia shule nyingi za mashambani zina upungufu wa walimu wa sayansi katika madarasa haya, na maabara ni chache. Kama anapendelea mkondo wa sayansi, uhandisi na hisabati katika gredi ya 10, nisingemgusa mpaka amalize gredi ya 9 hukohuko Nakuru.

Huyu wa gredi ya 3 hatasumbuka sana. Katika madarasa ya chini mashambani walimu hufundisha kwa lugha ya wenyeji kwa kiasi kikubwa, na mtoto anayejua Kiswahili na Kiingereza tu hukaa kimya muda kidogo, lakini kuanzia gredi ya 4 masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na kufikia hapo kwa kawaida amekwisha kuokota Kiluhya uwanjani.

Jambo la pili ni mahali pa kuishi. Mnazungumza kana kwamba kuna Nakuru na boma la Khwisero peke yake, ilhali kati yake kuna vituo vya biashara. Luanda iko kwenye barabara kuu ya Kisumu na Busia, ina soko kubwa linalovuta watu kutoka Khwisero, Emuhaya, Maseno na Gem, na imezungukwa na shule ambazo wanafunzi wake wote wanahitaji sare. Chumba cha kufanyia kazi hapa si ghali kama Nakuru. Mngeweza kupanga Luanda, wewe ukashona, mume wako akaenda shambani kwa matatu au bodaboda na kusimamia kilimo, huku mirathi ikiendelea. Mafundi wapo, sikufichi, na baadhi yao ni hodari, lakini msimu wa kufungua shule kila Januari kazi huwazidi. Njoo wakati wa likizo ya Agosti, ukae siku chache, uingie shule kadhaa uonane na walimu wakuu ukiwa na sare ulizoshona mkononi.

Mama wa Free Area

Nawashukuru nyote kwa moyo. Nilimsomea mume wangu majibu haya jana usiku, na tulizungumza mpaka taa zikazimwa kote mtaani. Amekubali kwamba ploti ya Kiamunyi ibaki, na kwamba atakwenda Khwisero kwanza kuzungumza na kaka zake na shangazi zake wawili kuhusu barua ya chifu. Hakufurahia wazo la kupanga Luanda. Anasema itakuwa aibu kwa mwanamume kukodi nyumba karibu na shamba la baba yake, na mimi sijajua jinsi ya kumjibu bila kumvunjia heshima.

Nina swali moja kwa Mkulima. Iwapo atatangulia peke yake, aanze lini ili asipoteze msimu, na aanze na nini ikiwa hatuna fedha nyingi?

Karani Mstaafu, Kakamega

Kabla Mkulima hajajibu, ruhusu niseme kwamba hilo la aibu ni vyema aambiwe na mzee mwenzake wala si wewe. Kama ana baba mdogo au mjomba anayemheshimu, mweleze huyo jambo lote. Pia, hata kulima kwa sasa kufanyike kwa idhini ya warithi wote, iandikwe kwenye karatasi na kutiwa sahihi mbele ya chifu, kwamba analima kwa muda mpaka mgawanyo ukamilike.

Mkulima wa Butere

Aje kabla ya Desemba, achukue udongo na kuupeleka kupimwa, kwa kuwa chokaa hufanya kazi vizuri ikiwekwa wiki kadhaa kabla ya kupanda. Januari na Februari alime mara mbili ili magugu yafe kwa jua, kisha apande mvua za Machi zinapoanza kushika. Ekari zote mbili asizilime. Achukue nusu ekari ya mahindi na maharagwe, robo ekari ya sukuma-vuta kama darasa lake mwenyewe, na aweke mistari ya nepia kwenye mipaka iliyokubaliwa na ndugu zake. Aende kwa chifu kusajiliwa mapema kwa ajili ya mbolea, akiwa na kitambulisho na nambari ya simu inayopatikana, maana ujumbe wa mbolea huja kwa simu. Mbegu za desmodiamu ni ghali, lakini hupandwa pia kwa vipande vya shina, na mimi ninavyo vya kutosha. Akifika Butere aulizie kwenye kikundi cha wakulima karibu na stesheni, nitampa bure.